Kuchora nyika ya Natron kwa rangi za maji bila kuishia na matope: mwongozo kamili

Kila likizo ya mwezi wa saba ikiisha naletewa picha zile zile. Mtu ametoka Arusha, amefika mpaka Engare Sero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron, amekaa asubuhi nzima akiutazama mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, kisha anafungua begi na kunionyesha karatasi iliyojikunja, anga lenye madoa, mlima mweusi kama mkaa na ardhi ya rangi ya tope. Watu hawa si wavivu, na wengi mkono wao ni mzuri. Wanakwama mahali pale pale, na ndiyo maana nimeamua kuandika kila hatua.

Wengi wetu hapa mjini tumejifunzia kwenye akriliki, au kwenye rangi za mafuta za kopo kama wanazotumia wachoraji wa Tingatinga. Huko ukikosea unafunika, na mwanga unauweka mwishoni kwa rangi nyeupe. Rangi za maji zinakwenda kinyume. Nyeupe yako ni karatasi yenyewe, na ukishaifunika hairudi. Nchi kavu nayo karibu yote ni mwanga, kwa hiyo kazi kubwa ni kujua pa kutogusa.

Jambo la pili ni macho yetu. Upepo wa bahari humwaga mvua upande wa kusini na mashariki wa Meru na Kilimanjaro, na anayeishi Tengeru, Machame au Marangu anaamka kwenye migomba na kahawa. Nyuma ya milima hiyo hewa hufika imeishiwa maji. Unasafiri saa chache tu, lakini mkono unaendelea kuchanganya kijani cha nyumbani.

## Vifaa

Karatasi ya pamba tupu, gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa kukwaruza kidogo. Hapa usibane matumizi. Karatasi ya mbao ya daftari la kuchorea hunywa maji kwa mabaka na kujikunja kabla hujamaliza anga. Kama bei inakuumiza, nunua shiti moja kubwa ya sentimita 56 kwa 76 uikate vipande vinane vya sentimita 28 kwa 19. Kwa kazi ya nje, ukubwa huo unatosha kabisa.

Ubao wa plaiwudi uliozidi karatasi kwa vidole viwili kila upande. Fundi seremala atakukatia kutoka kwenye mabaki. Beba pia tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa kupaka rangi magari.

Rangi nne tu. Oka ya manjano, siena iliyochomwa, bluu ya altramarini, na waridi ya kwinakridoni. Majina hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo soma herufi ndogo ubavuni mwa tyubu: PY43 au PY42 kwa oka, PBr7 kwa siena, PB29 kwa altramarini, PV19 kwa waridi. Angalizo: siena mbichi nayo mara nyingi huandikwa PBr7, basi tazama na rangi yenyewe. Unayoitaka ni nyekundu ya kutu. Nyeusi iache nyumbani, na kijani cha tyubu pia.

Brashi tatu. Bapa ya sentimita mbili na nusu kwa anga, ya duara namba 10 au 12 yenye ncha nzuri, na moja kuukuu iliyochakaa nywele. Hiyo kuukuu usiitupe, ndiyo itakayochora nyasi.

Maji lita tatu na makopo mawili, moja la kuoshea brashi na moja la maji safi. Beba maji yako kutoka mjini. Maji ya Ziwa Natron yana magadi makali, yanaharibu nywele za brashi na kuchoma ngozi yenye mchubuko. Usiyatumie hata kwa kuoshea.

Vidogo vidogo: sahani nyeupe ya kuchanganyia, chupa ya kupulizia maji kama ya kinyozi, penseli ya 2B, raba laini, kipande cha khanga kuukuu (hunyonya maji vizuri kuliko tishu, tena hakiachi nyuzi), kofia, na kigoda. Ukibeba mwavuli wa kujikinga jua, uwe mweupe au wa kijivu. Mwavuli mwekundu hutupa wekundu juu ya karatasi, nawe utachanganya rangi kwa kudanganywa asubuhi nzima.

## Zoezi la jioni kabla ya safari

Changanya altramarini na siena iliyochomwa kwenye sahani. Bluu ikizidi unapata kijivu cha baridi, siena ikizidi unapata kahawia ya joto, na zikilingana unapata kijivu kisichoegemea popote. Paka miraba mitano kutoka bluu kwenda kahawia. Kisha irudie yote kwa maji mengi zaidi.

Miraba hiyo kumi ndiyo nyika yako. Majivu, mawe, kivuli na mlima wa mbali vyote vimo humo.

Iache ikauke, uitazame tena. Utaona imepauka. Rangi za maji hupauka zikikauka, kwa hiyo ukiwa kazini changanya nzito kidogo kuliko unavyoiona mbele yako. Umefaulu zoezi ukiweza kutazama jiwe lolote barazani na kusema ni mraba wa ngapi.

## Hatua ya 1: Chagua saa kabla ya kuchagua mahali

Njia ya kawaida ni Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, kisha kaskazini kupitia Engaruka mpaka Engare Sero. Lala huko. Uwe umekaa kwenye kigoda saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kutoka kijijini mlima uko kusini. Ukiutazama asubuhi, jua linakuja kutoka kushoto kwako, na miezi ya Juni hadi Agosti linakuwa nyuma yako kidogo. Upande wa kushoto wa mlima unawaka, wa kulia uko kivulini, na kila bonde ubavuni linaonekana. Ikifika saa nne jua limepanda, vivuli vimejificha, na nchi yote imekuwa bapa kama chapati. Watu wengi wanaoniletea picha bapa walianza kuchora saa tano, baada ya chai.

Kama huna nafasi ya kufika mbali hivyo, panda gari za Namanga ushuke baada ya Oldonyo Sambu, chora uwanda na mlima wa Longido. Hatua ni zile zile.

Ukiwa karibu na boma, salimu na uombe ruhusa kabla ya kufungua begi. Mlima huu kwa Wamasai ni Mlima wa Mungu, na anayekaa kuutazama saa tatu mfululizo anastahili kujieleza.

## Hatua ya 2: Mchoro mdogo wa vivuli vitatu

Chora mstatili wa ukubwa wa kiberiti. Ndani yake weka vitu vitatu tu kwa penseli: pasipoguswa, kijivu, na giza. Dakika tano zinatosha.

Usipofanya hivi utaamua mambo huku rangi inakauka, na hewa ya kule haikusubiri. Mchoro ukiwa mzuri, theluthi mbili au zaidi ya mstatili itakuwa nyeupe au kijivu chepesi, na giza litakuwa sehemu ndogo mno. Ukiona giza limeenea, umechora msitu. Rudia.

## Hatua ya 3: Penseli nyepesi, mlima mdogo

Weka mstari wa upeo chini ya nusu ya karatasi. Kisha pima: nyoosha mkono, funga jicho moja, pima upana wa mlima kwa penseli na ulinganishe na urefu wake. Karibu kila mtu anauchora mlima mrefu na mwembamba kuliko ulivyo, kwa sababu jicho hukuza kile linachokiheshimu. Mlima ukijaa karatasi nzima, uwanda unakufa, na uwanda ndio unaomfanya mtazamaji ahisi umbali na joto.

Usitie vivuli kwa penseli. Unga wake mweusi huchanganyika na maji na kuchafua rangi.

## Hatua ya 4: Anga, kwa dakika tatu

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Bandika karatasi pande zote nne kwa tepu. Inamisha ubao kidogo kuelekea kwako. Lowesha eneo la anga kwa brashi bapa na maji safi, ukiuruka mlima. Subiri dakika moja, lowesha tena. Mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza maji yanazama na kukauka kwa upepo mkavu. Ya pili ndiyo inayobaki juu. Ukitazama kwa pembeni, karatasi ing'ae kama jani lenye umande, isiwe na dimbwi.

Anza chini, juu tu ya upeo: oka kidogo sana na waridi kidogo zaidi, nyepesi kama maji yaliyosuuzia kikombe cha chai. Hilo ndilo vumbi. Osha brashi. Sasa paka altramarini kutoka juu ukishuka, ukipunguza rangi kadiri unavyoshuka, na uache kabla hujaifikia oka. Iachie nafasi ya vidole viwili ijikutanishe yenyewe. Ukiisukuma bluu ndani ya oka unapata kijani, na anga la kijani halipo Natron.

Weka brashi chini. Usiguse tena.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona anga langu limeota ua katikati?" Alikuwa ameona sehemu imepauka akarudi na brashi yenye maji. Anga likishaanza kupoteza mng'ao, tone la maji linaisukuma rangi iliyotulia pembeni, na pembe hiyo inakauka kama petali. Halifutiki. Kama lazima urekebishe, subiri likauke kabisa, kisha liloweshe lote upya.

Umefaulu ikiwa anga ni zito juu na chini limepauka kwa joto, na huwezi kuonyesha kwa kidole mahali bluu ilipoishia.

## Hatua ya 5: Ukuta wa Bonde la Ufa

Upande wa kulia kuna ukuta wa Bonde la Ufa. Anga likikauka (likibofywa kwa nyuma ya kidole lisiwe na ubaridi), changanya kijivu cha baridi na waridi kidogo, nyepesi sana, uupake kwa mpako mmoja. Sehemu ya chini ilainishe kwa brashi yenye maji safi ipotelee kwenye vumbi. Basi. Usichore mawe wala vichaka vyake.

## Hatua ya 6: Lengai

Mwaka nilioanza kuuchora mlima huu, nilipaka kivuli chake kwa kijivu kizito, nikaridhika nao. Mzee aliyekuwa akichunga akaja kusimama nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mlima wako umeungua?"

Nikamwambia hicho ni kivuli. Akanyoosha fimbo. "Kivuli? Mle kivulini mimi nawaona mbuzi wangu."

Nilipotazama vizuri niliwaona na mimi, nukta nyeupe zikipanda korongo. Kivuli cha asubuhi kimejaa mwanga wa anga. Ni bluu ya zambarau inayopenyeka, na ndani yake unaona kila kitu. Tangu siku ile nafundisha hivi:

Kwanza, paka mlima wote, upande wa jua na wa kivuli, kwa mpako mwepesi wa oka na siena kidogo. Isipokuwa kileleni. Kileleni acha karatasi. Acha ukauke.

Sasa kuhusu weupe huo. Wanafunzi wa Moshi hasa huuchora kama theluji ya Kibo, kofia safi yenye ukingo. Si theluji. Lengai hutoa lava ya magadi isiyopatikana kwenye volkano nyingine yoyote hai duniani: inatoka nyeusi, kisha ikipata unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Kwa hiyo weupe wake unachuruzika. Unashuka kwenye mifereji kama maziwa yaliyofurika sufuria. Uukamate kwa brashi ya namba 12 iliyokaushwa kwenye khanga, ukiiburuza kwa ubavu kutoka chini kwenda juu, ili rangi ishike vinundu vya karatasi na kuviacha vishimo vyeupe. Kabla ya kuigusa picha, jaribu mara tano kwenye kipande cha pembeni.

Kisha kivuli. Changanya altramarini, waridi, na siena kiasi cha kuizima zambarau isiwake. Tayarisha ya kutosha. Ikikuishia katikati hutaipata tena ile ile. Anzia kileleni, shuka na ubavu wa kulia kwa mpako mmoja, ukiziacha tumbo za matuta zinazopigwa na jua. Unaposhuka ongeza siena kidogo kidogo, maana ardhi yenye jua hurudisha joto lake chini ya mlima. Altramarini itatulia kwenye vishimo vya karatasi na kuacha punje punje. Ziache. Hakuna namna nzuri zaidi ya kuonyesha majivu.

Onyo la mkono wa tatu. Rangi za maji hushikiliwa na utomvu wa mgunga, na utomvu huo ukilowa huyeyuka tena hata baada ya kukauka. Mpako wa kwanza unakaa. Wa pili, ukiwa wa haraka, unakaa juu yake. Wa tatu unaamsha yote mawili, na rangi nne zikichanganyikana hapo unapata tope. Tope lote ninaloletewa limetokana na mkono wa tatu. Sehemu isiyokupendeza baada ya mipako miwili, iache.

Umefaulu ikiwa unaweza kuona rangi ya oka ikipenya chini ya kivuli. Kama mbuzi wangeweza kuonekana mle ndani, kivuli ni sahihi.

## Hatua ya 7: Uwanda

Hapa unahitaji ujasiri wa kufanya kidogo.

Uwanda wa Engare Sero ni majivu ya mlima yaliyotandazwa na upepo, mengine ya zamani sana, mengine ya mlipuko wa 2007 na 2008. Rangi yake si ya chungwa kama jangwa la kwenye simu. Ni kijivu chenye joto, na nyasi kavu za rangi ya simba.

Pulizia maji kwa ile chupa ya kinyozi, mara mbili tu, kwa mbali, ili sehemu ziwe mbichi na nyingine zibaki kavu. Pitisha brashi bapa yenye oka na kijivu kwa mlalo, haraka, kushoto kwenda kulia. Maji yatafungua rangi hapa na kuikata pale. Unapoelekea kwenye upeo, mistari iwe myembamba, iliyokaribiana na iliyopauka. Inapokujia miguuni iwe mipana na yenye joto zaidi. Hiyo tu ndiyo inayotengeneza umbali.

Karibu theluthi moja ya uwanda ibaki karatasi tupu. Najua inatisha. Mkono utataka kujaza, nawe ukijaza joto linatoweka.

Kwa nyasi za mbele chukua brashi kuukuu, ichovye kwenye oka nzito na siena, ikamue, itanue nywele kwa vidole, kisha iguse karatasi kwa kurusha juu. Mashada matano au sita yasiyolingana. Usiyapange kama mahindi shambani.

Ukipita Olduvai ukakutana na kilima cha mchanga mweusi kinachohama, nacho ni majivu ya Lengai. Kina urefu wa mita 9 hivi kwenda juu, na upepo hukisogeza karibu mita 17 kwa mwaka. Kichore kwa altramarini na siena nzito, mpako mmoja, ukingo wa mgongo wake ukiwa mkali upande wa jua na ulioyeyuka upande wa pili. Ukingo ule mmoja ndio picha nzima.

## Hatua ya 8: Migunga, na giza lako pekee

Mpaka sasa hujatumia giza lolote. Limetunzwa kwa ajili ya hapa.

Miti mitatu inatosha: mmoja mkubwa, mmoja wa wastani, mmoja wa mbali kama alama ya kalamu. Kijani chake ni altramarini na oka, kisha siena mpaka ukijani uanze kukukimbia. Ukiona inafanana na mgomba, ongeza siena tena. Kichwa cha mgunga ni bapa na kina matundu. Gusa kwa brashi iliyokauka, uache anga lionekane kati ya matawi. Shina liwe jembamba.

Kisha kivuli cha mti ardhini, kwa ile zambarau ya mlimani ikiwa nzito zaidi. Kiguse shina kabisa, la sivyo mti utaelea. Kifuate ardhi ilivyo: kwenye tuta kiinuke, kwenye kijishimo kishuke. Asubuhi ni kirefu, kinalala kuelekea kulia, upande ule ule wa kivuli cha mlima. Vikipingana, kila mtazamaji atahisi kuna kosa hata asipojua ni nini.

## Hatua ya 9: Kuacha na kurudi nayo

Simamisha ubao kwenye jiwe, rudi nyuma hatua sita, itazame ukiwa umefinya macho. Maswali ni mawili. Je, jicho linakwenda kwenye giza la mgunga kisha linapanda mlimani? Je, mwanga mkali kuliko wote ni karatasi tupu? Kama majibu ni ndiyo, osha brashi. Ukijikuta unatafuta pa kuongeza, umeshamaliza.

Kisulisuli kikitokea uwandani, laza ubao kifudifudi juu ya mapaja, picha iwe chini bila kugusana na nguo. Vumbi likitua kwenye rangi mbichi usilifute; likikauka, lipeperushe kwa brashi laini.

Tepu usiibandue mpaka karatasi ikauke kabisa. Ibandue taratibu, ukiivuta kwa nje kuelekea pembeni, mbali na picha. Usifungie picha ndani ya plastiki siku hiyo hiyo, kwani unyevu uliobaki utaota ukungu mkifika mjini. Iweke kati ya kadibodi mbili, ifunge kwa kamba, ikae wima kwenye begi.

Halafu lala Engare Sero usiku wa pili. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu kaa pale pale ulipokaa jana, bandika kipande kingine cha karatasi, na uchore mlima ule ule ukiwa na picha ya kwanza miguuni.